Ndege huruka kwenye mvua, mbona roketi inaahirishwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini Mei 27, 2020 kule Florida waliahirisha safari ya roketi ya Falcon 9 yenye wanaanga wawili zikiwa zimebaki dakika kama 17 tu, wakati ndege huruka hata kwenye mvua.

Tatizo kubwa si mvua, ni radi. Na si radi ya kusubiri ipige: roketi yenyewe huweza kuiita. Moshi wake wa moto hupitisha umeme, kwa hiyo roketi na mkia wake huwa kama waya mrefu uliochomekwa ndani ya wingu lenye chaji.

Apollo 12, safari ya Wamarekani kwenda mwezini, ilipigwa hivyo mara mbili, Novemba 14, 1969, sekunde ya 36 na ya 52 tangu iruke. Taa za tahadhari zikawaka kwa mkupuo, vipimo vikavurugika. John Aaron, kijana wa chumba cha udhibiti Houston, akajua ni swichi gani ibonyezwe. Mwanaanga Alan Bean akaibonyeza kule ndani ya chombo, vipimo vikarudi. Mimi hadi leo nikisoma kisa hiki mwili unanisisimka. Machi 1987 roketi ya Atlas-Centaur haikupona: radi iliharibu kumbukumbu ya kompyuta yake, ikapinda njia na kusambaratika.

Ndiyo maana pale Cape Canaveral, kituo cha kurushia roketi huko Florida, wana vipimo vya umeme wa hewani vimetapakaa ardhini. Hiyo Falcon 9 iliruka salama siku tatu baadaye.