Mkopo wa nyumba za bei nafuu hulipwaje?
Ndugu, umeuliza kikundi kisichotafuta faida kitalipaje mkopo ikiwa nyumba lazima zibaki za bei nafuu daima. Mkopo uwe wa kununua ardhi na kujenga tu. Mnunuzi akishalipia nyumba yake, mkopeshaji anarudishiwa. Pengo kati ya gharama ya nyumba na bei nafuu anayolipa mnunuzi mlitafutie ruzuku, msilikopee kabisa, riba itawamaliza. Kule Burlington, Marekani, mwaka 1984 jiji lilitoa dola 200,000 za kuanzisha shirika la ardhi ya jamii. Ardhi ni ya shirika, familia inamiliki nyumba na kupangishwa ardhi iliyo chini yake. Nyumba ikipanda thamani kwa dola 40,000, anayeuza anachukua robo, yaani 10,000. Inayobaki inampunguzia bei anayefuata. Sharti hilo la kugawana ongezeko la thamani liandikeni kwenye mkataba wa kupangisha ardhi kabla hata ya kumwendea mkopeshaji.