Usikikariri kijitabu hicho, na wala usikinunue

Usikinunue kijitabu hicho, mdogo wangu, na ikiwa umekwisha kulipa, nenda kesho asubuhi ukadai pesa zako. Umeuliza ni istilahi zipi za fasihi uzikariri kwa ajili ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi katika mtihani wa kidato cha nne, kama kijitabu cha istilahi mia mbili kinachouzwa na mwalimu wa masomo ya ziada hapa Mombasa kinafaa, kama uanze na riwaya au tamthilia, na muda uliobaki uugawe vipi. Nilipoiona picha ya ukurasa wa kwanza uliyoiweka damu ilinichemka, kwa maana ndio ukurasa ule ule niliouziwa mimi nilipokuwa kidato cha nne, pamoja na doa la wino pembeni, ambalo naona limerithiwa na kila nakala iliyotolewa tangu wakati huo.

Bwana aliyeniuzia alituketisha katika chumba chenye pangaboi lililogoma, akatuambia kwamba mtahini ni mtu mwenye haraka, na kwamba akiliona jina la istilahi na maana yake imepangwa sawasawa, atatoa alama apite. Tulimwamini kwa sababu alivaa tai, na mtu anayevumilia tai katika joto la Mombasa mwezi wa Machi si rahisi kumdhania kuwa tapeli. Basi nikakariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutolea maana ya jazanda, taharuki, sadfa na mbinu rejeshi bila kukwama, nikawa sawa na utingo anayevitaja vituo vyote kutoka Posta hadi Mtwapa ilhali hajawahi kuteremka hata kimoja.

Ukaja mtihani wa mwigo. Swali la dondoo (maneno yaliyonukuliwa kutoka kitabuni) lilianza na muktadha, yaani nani anasema, anamwambia nani, wako wapi na kwa sababu gani, nami nikalimudu. Kisha tukaulizwa mbinu ya kimtindo. Katika dondoo, mama alikuwa akimpongeza mwanawe mlevi kwa kuikumbuka njia ya nyumbani. Nikaandika kwamba hicho ni kinaya, nikashusha maana yake kama nilivyouziwa, kwamba ni hali ya mambo kuwa kinyume na yanavyotarajiwa, nikapiga na mstari chini kwa rula. Swali la insha lilipotaka tujadili kinaya katika tamthilia nzima, nikajaza ukurasa na nusu kwa aina za kinaya na maana zake, bila kumtaja mhusika hata mmoja. Hilo lilikuwa swali la alama 20 kati ya 80 za karatasi nzima, na mwalimu wangu wa darasani, ambaye hakuwahi kuvaa tai, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Wapi?"

Kosa halikuwa katika ile maana, kwa sababu maana yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kwamba haikunisaidia kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Maneno ya yule mama yalikuwa kejeli: anajua anachokisema, mwanawe anajua kwamba anasemwa, na maneno yamekusudiwa kuuma. Kinaya hakihitaji ulimi mkali, kwani kinaweza kukaa ndani ya tukio lenyewe, kwa mfano mzazi akimpeleka mwanawe shule ya bweni bara ili amwepushe na dawa za kulevya za mtaani, naye mtoto akazionja kwa mara ya kwanza huko huko bwenini. Tena kuna kinaya cha kidrama, ambacho hutokea pale hadhira inapojua jambo asilolijua mhusika. Mtazame Ebrahim Hussein katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969: wahusika wanayapokea maji ya dawa kwa imani kwamba risasi haitawadhuru, lakini mtazamaji anayeijua historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 anajua kwamba risasi za Wajerumani zitawaua, na kwa hiyo kila shangwe ya jukwaani inamkaba koo. Ukiweza kueleza kwa nini inamkaba, umekijua kinaya, hata kama umesahau kuiandika ile maana.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nami siibadilishi kwa mtu yeyote: usiitaje istilahi kabla ya kuweka kidole juu ya mstari au tukio, kisha useme mbinu hiyo inafanya kazi gani pale. Alama za mbinu kwa kawaida hugawanywa kati ya kuitaja na kuitolea mfano, na maana ya kukariri haina fungu lake isipokuwa imeulizwa waziwazi.

Dhamira na maudhui zisikusumbue sana. Maudhui ni mambo yanayozungumziwa katika kazi, na dhamira ni lengo la mwandishi kuyazungumzia. Msuko nao si hadithi tu. Mzee alifariki kisha nyumba ikauzwa, hiyo ni hadithi. Nyumba ikauzwa kwa sababu mzee alificha deni, hapo ndipo unapouona msuko.

Ila katika tamthilia jihadhari na tabia ya kuandika kwamba "msimulizi anasema". Kwa kawaida huko hakuna msimulizi. Kuna mazungumzo, kuna uzungumzinafsia, yaani mhusika kujisemea peke yake, na kuna maelekezo ya jukwaani ambayo wanafunzi huyaruka kwa kuwa yamechapwa kwa herufi za mlazo ndani ya mabano. Mhusika anayesema "nimekusamehe" huku maelekezo yakisema kwamba amempa mwenzake mgongo hajasamehe chochote, na hapo una hoja kamili ya sifa za mhusika pamoja na ushahidi wake katika mstari mmoja.