Baharia Mzee na GPS ya Mtumbwini

SWALI: Mzee, habari ya siku nyingi. Mimi huvua mbuta Ziwa Viktoria, kutoka Mbita, na nimenunua GPS ndogo ya kuwekea nyavu alama. Nikizirudia alfajiri, huzikuta nusu kilomita kutoka kwenye alama. Jirani yetu aliyekuwa baharia Mombasa anasema kosa ni la milima ya Gwasi, kwamba nchi kavu hupotosha mawimbi ya redio. Ni kweli?
— Mvuvi, Mbita

JIBU: Ni kweli, kijana wangu, ila ni kweli ya mitambo ya ujana wake. Nami kabla ya kustaafu hapa Kisumu nilikuwa mtu wa redio melini.

Tulikuwa na chombo cha kutafuta mnara wa pwani uko upande gani. Wimbi likivuka ufuo kwa mshazari hupinda, maana mwendo wake juu ya ardhi na juu ya bahari si mmoja. Mnara ambao wimbi lake lilikuja likiambaa pwani tuliuacha.

Kisha ukaja Loran-C, mtambo wa minara ya redio wa kujua meli iko wapi, ambao Marekani ilizima yake mwaka 2010. Huo ulilinganisha muda wa kufika kwa mawimbi ya minara kadhaa, kwa masafa ya chini ya kilohezi 100. Wimbi la aina hiyo hutambaa juu ya uso wa dunia, na ardhi hulichelewesha kuliko bahari. Mikrosekunde 1, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, ni meta 300 za safari! Katika Mediterania mnara mkuu ulikuwa Sellia Marina, kusini mwa Italia, pwani ya mashariki. Meli iliyokuwa magharibi ilipata wimbi lililokwisha kupanda na kushuka milima ya Calabria. Kulikuwa na majedwali ya masahihisho, lakini nahodha mjanja aliandika tu namba alizosoma kwenye mtambo mahali alipopataka. Akirudi mwakani, ardhi ni ile ile na kosa ni lile lile, kwa hiyo namba zilimfikisha, kwa kawaida ndani ya meta 100.

Na hili mwulize jirani: wimbi hilo hupenda chumvi ipitishayo umeme, si maji. Maji ya ziwa letu hupitisha umeme kidogo mno, mamia ya mara chini ya bahari. Loran-C ingefungwa hapa, ziwa zima lingehesabiwa kama shamba.

GPS yako haitambai. Mawimbi yake hushuka kutoka setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu, na udongo wa Gwasi hauyagusi. Mlima unaweza kuziba setilaiti zilizo chini angani, au jabali likalirudisha wimbi likafika kwa njia ndefu, alama ikaruka meta kadhaa, pengine makumi. Kwa hiyo usibonyeze kuweka alama ukiwa umejibanza chini ya mwinuko wa kisiwa cha Mfangano; toka nje uione anga.

Lakini nusu kilomita? Nyavu zako zina nanga kweli? Kama zinaelea, upepo wa usiku umezitembeza, na GPS imekuonyesha sawasawa ulipoziacha.