Lupasi na protini kwenye mkojo: kijiti, kikopo au dumu?

Wiki hii wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ndio walioandika kwa wingi, na karibu wote wanauliza kuhusu mkojo. Nimefurahi sana kuona hivyo. Lupasi ikivamia figo, mara nyingi hakuna maumivu yoyote, na mgonjwa anaweza kujiona mzima huku protini ikivuja.

Shikamoo daktari. Mwezi uliopita kijiti kilionyesha protini +1, juzi hakikuonyesha kitu. Nimepona?

Marahaba. Bado hatuwezi kusema hivyo. Kijiti, kile kinachochovywa kwenye mkojo kikabadilika rangi, kinaonyesha jinsi protini ilivyokolea kwenye mkojo wa saa ile tu. Hakijui unapoteza kiasi gani kwa siku. Ukinywa maji mengi kabla ya kupima, mkojo unakuwa mwepesi na ile rangi ya njano haigeuki kuwa kijani. Ukishinda na kiu, protini kidogo tu inaweza kusomeka +1. Kwa mtu mwenye lupasi, +1 ifuatiliwe kwa kipimo cha kiasi hata kama kijiti cha pili kimetoka safi. Mwombe daktari wako akupime uwiano wa protini na kreatinini; nimeueleza kwenye jibu linalofuata.

Nimepewa dumu nikusanye mkojo wa saa 24. Mwenzangu, naye ana lupasi, alitoa kikopo kimoja tu. Mbona mimi nasumbuliwa?

Pole dada, usumbufu huo una sababu. Kreatinini ni taka ya misuli, na mtu mzima huitoa kwa kiasi kinachokaribiana kila siku, takriban gramu 1. Mkojo ukiwa mzito, protini na kreatinini hukolea pamoja; ukiwa mwepesi, zote hupungua. Ukigawanya moja kwa nyingine, suala la maji linaondoka. Ndiyo maana kikopo kimoja kinatosha kukadiria: uwiano wa 0.5 ni karibu nusu gramu ya protini kwa siku, na kuanzia hapo madaktari huanza kufikiria kuchukua kinyama cha figo kukichunguza.

Shida ni kwamba protini hupanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo. Kikopo cha mchana kinaweza kupotoka sana, hasa kati ya nusu gramu na gramu 3, na huko ndiko maamuzi mengi ya dawa yanakofanyika. Mimi naona kikopo cha mkojo wa kwanza wa asubuhi kinafaa kwa kliniki za kawaida, na dumu litumike pale dawa nzito inapotaka kuanzishwa au kubadilishwa.

Fanya hivi. Saa 12 asubuhi kojoa chooni, umwage huo, uandike saa. Kuanzia hapo kila mkojo uingie dumuni, hata wa wakati wa haja kubwa. Kesho yake saa 12 asubuhi kojoa tena, na huo uuweke. Dumu likae mahali pa baridi. Chagua siku utakayoshinda nyumbani, maana mkojo wa kazini ndio husahaulika. Omba pia kreatinini ipimwe humo humo: mwanamke wa kilo 60 hutarajiwa kutoa takriban miligramu 900 hadi 1,200 kwa siku. Ikitoka 500, kuna mkojo haukuingia, na protini itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ukimwaga kwa bahati mbaya, waambie. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza amekosea yeye.

Uwiano wangu hospitali moja wameandika 0.8, nyingine 90. Nimeshtuka mno!

Tulia, hizo namba ni karibu sawa. Ya kwanza ni gramu za protini kwa gramu moja ya kreatinini. Ya pili ni miligramu za protini kwa milimoli moja ya kreatinini, na milimoli ni kipimo kingine cha kiasi. Zidisha ya kwanza kwa 113, utapata kama 90. Kila unapoandika jibu kwenye daftari lako, andika na kipimo chake.

Naweza kupima nikiwa kwenye hedhi?

Subiri iishe, damu huharibu majibu. UTI, homa na mazoezi makali navyo hupandisha protini kwa muda.

Mwanangu ana miezi mitatu kwenye dawa. Protini ilikuwa gramu 2.4, sasa ni 1.7. Dawa imeshindwa?

Hapana mama, inafanya kazi. Lengo la miezi 3 ni ipungue angalau kwa robo, na yake imepungua zaidi ya hapo. Kufikia miezi 6 tunataka ishuke hadi nusu, yaani 1.2, na ndani ya mwaka iwe chini ya 0.7. Walioanza na protini nyingi sana, gramu 3 na zaidi, huongezewa muda. Asipunguze prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa hiari yake. Na kipimo kijacho kifanyike kwa njia ile ile, maabara ile ile. Ukilinganisha kikopo cha leo na dumu la mwezi ule, hutajua kilichobadilika ni figo au kipimo.