Kufuma na Stresi: Maswali Yenu na Majibu

Nikitoka kazini kichwa kinachemka, watu wananiambia nijifunze kufuma. Inasaidia kweli au maneno tu?

Inasaidia, dada yangu, na sio maneno tu. Mwaka 2013 ulitoka utafiti Uingereza, waliulizwa wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali, na wale wanaofuma mara kwa mara ndo walisema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Ni watu waliojieleza wenyewe, sio vipimo vya hospitali, lakini sababu yake naielewa kabisa. Daktari mmoja wa Harvard, Herbert Benson, alionyesha miaka ya 1970 kwamba ukirudia kitu kimoja taratibu, neno au tendo, na mawazo yakija unayaacha yapite, mapigo ya moyo yanashuka na pumzi inatulia. Sasa kufuma ni nini kama sio kurudia? Ingiza sindano, zungusha uzi, vuta, achia, halafu tena, na mikono yote miwili ina kazi kwahiyo hata simu huishiki.

Mbona mimi nikifuma ndo napandwa na hasira? Kitanzi kikichomoka natamani nitupe kila kitu.

Pole sana, ila nahisi umeanza na kitu kigumu. Wengi wanakimbilia sweta lenye maua wakati mkono haujazoea, hapo utapumzika saa ngapi? Chukua uzi mnene kidogo wa rangi ya kung'aa, mweusi uache kabisa maana vitanzi huvioni hasa usiku, na sindano za mianzi za milimita 5, zile za chuma zinateleza sana kwa anayejifunza. Fuma mshono ule wa kawaida mstari hadi mstari, usibadilishe chochote.

Na kitanzi kikichomoka usivute uzi! Ukivuta ndo kinazidi kushuka. Weka kazi mezani, kishike kwa pini ya nguo kisiendelee kufumuka, halafu angalia juu yake utaona nyuzi zimelala kama vipago vya ngazi. Ingiza sindano ya kroshia kwenye kitanzi, kamata uzi wa kwanza, upitishe ndani, kamata wa pili, hivyo hivyo mpaka ufike juu ukirudishe kwenye sindano. Ukishaweza hili, hofu yote inaisha, naamini hasira yako nusu yake ni hofu ya kuharibu. Na ikishindikana fumua, uzi si upo?

Mimi mwanaume, nitachekwa?

Wapo watakaocheka kaka, wewe fuma. Tom Daley, mruka majini wa Uingereza, alipata dhahabu Olimpiki ya Tokyo 2021 na dunia nzima ikamwona amekaa jukwaani anafuma, mpaka medali yake aliifumia mfuko.

Tangu nifiwe na mume wangu silali, hamu ya kula sina. Nikifuma itatosha?

Pole sana mama yangu. Haitatosha, na sitaki nikudanganye. Kufuma kunaweza kukupitisha saa moja ngumu ya jioni, lakini kukosa usingizi na hamu ya chakula kwa muda mrefu ni jambo la kuonana na daktari au mshauri, tena usichelewe. Nenda na mtu wako wa karibu. Uzi nao uchukue, foleni za hospitali unazijua.

Viganja vinauma nikifuma.

Unabana uzi sana, karibu kila anayefuma akiwa na mawazo anabana. Legeza, pumzika kila nusu saa, nyoosha vidole. Kazi kubwa ifume kwa sindano za mzunguko, zile mbili zilizounganishwa kwa waya laini, uzito unalala mapajani badala ya kuning'inia mikononi. Ukisikia ganzi acha kwanza, ukapimwe.

Nianze na nini?

Skafu. Vitanzi 30, mshono mmoja, urefu unaamua mwenyewe, na usimwahidi mtu tarehe, maana ukishaahidi imekuwa kazi nyingine.