Kwa unayeanza kupuliza utando wa oksidi ya bati kwenye kioo

Wengi wakiingia maabara hutaka kwanza kujua wachanganye florini kiasi gani. Swali hilo lina wakati wake, ila si wiki ya kwanza. Utando huu mwembamba unatakiwa kupitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Ukikataa kupitisha umeme, mara nyingi tatizo liko kwenye usafi wa kioo au kwenye joto, na hapo kuongeza florini hakutakusaidia kitu.

Njia yenyewe haina ufahari. Kloridi ya bati inayeyushwa kwenye ethanoli, inaongezwa floridi ya amonia iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, kisha myeyusho unapulizwa kwa hewa ya kompresa juu ya kioo kilicholala kwenye jiko la umeme, nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Kwenye joto hilo kloridi huvunjika na bati hushikana na oksijeni. Florini ikikalia nafasi ya oksijeni, elektroni moja hubaki huru. Elektroni za namna hiyo ndizo zinazobeba umeme, huku mwanga ukiendelea kupita. Hakuna pampu ya ombwe inayohitajika, ndiyo maana naipenda njia hii kwa idara zetu zenye bajeti ndogo.

Osha kioo kwa sabuni, suuza, pitisha asetoni na ethanoli, malizia na maji yaliyokenekwa. Maji yakitandaa sawasawa, kioo kiko tayari. Yakijikusanya matone matone, mafuta ya vidole bado yapo; rudia. Baada ya hapo kishike kwa kibanio, tena pembeni.

Sasa joto, na hapa nakuomba utulie. Namba unayoiona kwenye kidhibiti ni ya jiko, si ya uso wa kioo. Uso una joto pungufu, na kila mpulizo unazidi kuupoza. Funga thamokapo (waya wa kupimia joto) juu ya kioo cha majaribio ujue tofauti ni kiasi gani. Puliza sekunde chache, acha joto lirudi, puliza tena. Ukiona vumbi jeupe linalofutika kwa kidole, matone yamekauka hewani kabla ya kufika: punguza joto au sogeza nozeli (mdomo wa kupulizia) karibu. Ukiona madoa ya duara, matone ni makubwa mno. Usilipandishe joto hadi kioo cha kawaida cha dirisha kianze kulegea na kupinda. Ukikaribia nyuzi 550 uko hatarini.

Kazi hii ifanyike ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, basi. Kloridi ya bati ya kimiminika ikikutana na unyevu hutoa moshi wa tindikali, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ina unyevu wa kutosha mwaka mzima. Mvuke unaotoka kwenye jiko hilo unaweza kubeba tindikali ya florini, inayopenya ngozi na kudhuru hadi mifupa. Jeli ya kalsiamu glukoneti iwe karibu kabla hujafungua chupa yoyote. Myeyusho wa floridi uhifadhi kwenye plastiki, maana ukiwa na tindikali unakula kioo. Mtu akikwambia kufungua dirisha kunatosha, mkatalie, hata kama ni mkubwa wako.

Utando ukipoa, uinamishe kwenye mwanga. Rangi za kijani na waridi zinaonyesha unene. Zikijipanga mistari finyu, unene unapanda na kushuka. Multimita itakuonyesha upande wenye utando, lakini usiandike namba yake kwenye ripoti, kwa sababu imechanganya na ukinzani wa pale ncha zinapogusa. Tumia kipimo cha ncha nne: mbili hupitisha mkondo, mbili hupima volti. Omu 10 kwa mraba (yaani ukinzani wa kipande cha mraba cha utando) kwenye unene wa nanomita 500 ni sawa na ukinzani mahususi, yaani ule wa kitu chenyewe bila kujali unene, wa omu-sentimita 0.0005, kiwango kizuri kabisa. Kila ukiandika ukinzani, andika pembeni yake asilimia ya mwanga uliopita, kwa sababu utando ukinenepa omu hupungua, na mwanga nao hupungua.