Makala ikiulizwa, nani atajibu? Maswali yenu kuhusu AI na majarida ya afya

Maswali ya akili mnemba yamejaa tena. Nimechagua machache. Mnaouliza ada ya jarida fulani ni shilingi ngapi, tovuti ya jarida lenyewe ipo.

Shikamoo Mwalimu. ChatGPT imenisaidia karibu nusu ya kazi. Je, niiweke kama mwandishi mwenza? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Marahaba. Hapana, na hili silijibu tena. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ilishalimaliza Mei 2023: asiyeweza kuwajibika kwa usahihi wa kazi si mwandishi. Mapema mwaka huohuo jarida la Nurse Education in Practice lilichapa makala yenye ChatGPT kwenye orodha ya waandishi, kisha likalazimika kutoa masahihisho na kuliondoa jina hilo.

Sasa nikuulize na mimi: hao wengine watano uliowaweka kwenye orodha yako ya waandishi wamefanya nini? ICMJE wana vigezo vinne na mtu sharti avitimize vyote: awe amechangia kwa maana kwenye wazo au data, ameandika au kupitia mswada kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuulizwa. Mashine inakwama kwenye viwili vya mwisho. Mkuu wa idara ambaye jina lake limepachikwa kwa heshima anakwama kwenye viwili vya mwanzo, na sijawahi kupata barua inayouliza habari zake.

Nimetumia AI kunyoosha Kiingereza tu. Kuna haja ya kutangaza? (Muuguzi mtafiti, Mombasa)

Inategemea jarida, kwa hiyo soma ukurasa wa maelekezo kwa waandishi kabla ya kuniandikia. Wachapishaji wa majarida, Springer Nature, hawadai utangaze usaidizi wa kusahihisha lugha peke yake. ICMJE wanataka useme kwenye barua ya kuwasilisha mswada na ndani ya makala pia: msaada wa uandishi unatajwa kwenye shukrani, ukiitumia kukusanya data, kuzichambua au kutengeneza michoro, unaeleza kwenye sehemu ya mbinu. Ukiwa na shaka, tangaza. Sentensi moja yatosha: chombo gani, toleo gani, kwa kazi gani, na kwamba waandishi wamepitia kila kitu na wanawajibika nacho.

Na usione haya. Mtu aliyehoji wagonjwa kwa Kiswahili mwezi mzima, akachambua kwa Kiswahili, halafu akalazimika kuandika kwa Kiingereza cha wenyewe, ana haki ya kusaidiwa. Wenye fedha wamekuwa wakilipia wahariri wa lugha miaka yote na hakuna aliyewaita wezi.

Ila soma kilichorudi. Mwaka 2024 jarida la Radiology Case Reports lilichapa ripoti ya mgonjwa ambayo ndani yake mashine yenyewe inaomba radhi kwamba haina taarifa za mgonjwa kwa kuwa ni modeli ya lugha, yaani AI ya kuandika. Waandishi hawakuiona, wahakiki hawakuiona, mhariri hakuiona. Makala ikaondolewa.

Msimamizi ameipitisha tasnifu yangu kwenye kigunduzi, kikasema asilimia 78 ni AI. Nimeandika mwenyewe. Nifanyeje? (Mbeya)

Pole sana. Hapa nitachukua nafasi kidogo, kwa sababu wanafunzi wanaumizwa na watu wanaopaswa kujua zaidi.

Vigunduzi vinakisia. Vinatazama jinsi maneno yako yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya tatu hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka. Watafiti wa Stanford walilionyesha hili mwaka 2023: walichukua insha za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za mashine. Insha za wanafunzi wa Kimarekani karibu zote zilipita salama. Julai mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT yao, walikiondoa kigunduzi walichokitengeneza wenyewe kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Kwa hiyo omba kikao, tena kwa maandishi. Peleka rasimu za zamani, historia ya mabadiliko ya faili, daftari la uwandani, maoni aliyokuandikia msimamizi mwenyewe. Omba uulizwe maswali ya ana kwa ana kuhusu sura yoyote. Aliyeandika kazi yake atasema kwa nini alichagua kituo kile cha afya na akaacha kile cha jirani.

Nanyi wasimamizi: asilimia ya kigunduzi si ushahidi. Mngekuwa mmeisoma tasnifu sura kwa sura tangu mwanzo, msingehitaji programu iwaambie nani ameiandika.

Nina mahojiano 30 ya wanaoishi na VVU. Nimefuta majina. Naweza kuyaweka kwenye ChatGPT initolee dhamira, yaani mambo makuu yanayojirudia? (Mtafiti, Kisumu)

Usiyaweke. Kama umeshayaweka, mwarifu mtafiti mkuu leo na mwende kwenye kamati ya maadili kabla hawajajua kwa njia nyingine.

Kufuta jina hakumfichi mtu. "Mwalimu wa shule ya msingi, miaka 34, mama wa mapacha, mume ni mvuvi, anachukua dawa kituo cha mbali ili asionekane." Jina halipo, na kijiji kizima kimeshamjua. Maneno hayo yakiingia kwenye seva ya kampuni ya nje, huna tena udhibiti nayo. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini hata sheria zisingekuwepo, fungua fomu yako ya ridhaa. Ulimwahidi yule mama kuwa sauti yake itasikilizwa na watafiti wa mradi tu. Hukumtajia mashine.

Ukitaka chombo cha namna hii, kiandike kwenye pendekezo la utafiti na kwenye fomu ya ridhaa, upate kibali, na ikiwezekana kiendeshwe kwenye kompyuta ya taasisi bila kutoka nje.

Nimepewa mswada kuhakiki na muda ni mfupi. AI inisaidie? (Kampala)

Mswada si mali yako na umepewa kwa siri. Bila ruhusa ya mhariri usiupakie popote, na kama huna muda, urudishe.

Kuna njia ya haraka ya kukagua rejea 60 nilizopewa na AI? (Morogoro)

Zisome. Mwaka 2023 watafiti waliiomba ChatGPT ya wakati huo iandike makala fupi za kitabibu. Kati ya rejea 115 ilizotoa, asilimia 47 zilikuwa za kubuni na asilimia 7 tu zilikuwa za kweli na sahihi. Matoleo mapya yamepunguza uongo, hayajauacha. Na yanadanganya kwa ustadi: jina la mtafiti wa malaria anayefahamika, jarida lipo, mwaka unaingia akilini, ukifungua ukurasa wenyewe unakuta makala ya figo. Rejea usiyoisoma hukutakiwa kuiweka hata enzi za maktaba.

Nikitangaza kwamba mchoro umetengenezwa na AI, si nimeshamaliza? (Zanzibar)

Hujamaliza. Februari 2024 jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapa mchoro wa panya mwenye uume mkubwa kuliko kiwiliwili chake, na vibandiko vya maneno yasiyo ya lugha yoyote, kama "testtomcels". Waandishi walikuwa wametangaza wazi kwamba wametumia Midjourney, programu ya AI ya kuchora. Makala ilifutwa ndani ya siku chache.

Nitajie jarida lisilosumbua kuhusu AI. Kikao cha kupandishwa cheo ni Juni. (Mhadhiri, jina nimelihifadhi)

Yapo, na yatapokea dola zako wiki hiihii. Waulize waliopita kwenye majarida ya mchapishaji Hindawi: mwaka 2023 pekee zaidi ya makala 8,000 zilifutwa, nyingi zikihusishwa na viwanda vya kutengeneza makala, yaani wanaouza makala za kughushi. Makala iliyofutwa haipotei. Inabaki mtandaoni na jina lako, na neno la kufutwa limegongwa kila ukurasa, na wajumbe wa kikao wanajua kutafuta. Omba kikao kisogezwe hadi Desemba.